Slanti ya bei chee na slanti ya bei mbaya, shingo yangu ndo ilikuwa kipimo

Slanti ni aina ya mashine ya wembe ya kunyolea ndevu, nitaieleza mbele. Ngoja nianze na ndevu zenyewe maana bila hizo habari hii haieleweki. Ndevu zangu ni za kipilipili kama nywele, zinaanza kujikunja hata hazijatoka vizuri. Ukizinyoa chini sana ncha inabaki ndani ya ngozi, ikianza kukua inapinda inachoma kwa ndani, au inatoka nje kidogo halafu inarudi kuingia pembeni, na mwili unaiona kama mwiba, unavimba. Ndo vile vipele vya ndevu ambavyo wanaume weusi wengi tunavijua. Mimi vilinianza kidato cha tano, shingoni, kushoto zaidi kuliko kulia, na vikipona vinaacha madoa meusi, ukivaa shati la kola ikifika saa kumi jioni shingo inawaka moto.

Nyumbani Tanga nilijaribu karibu kila kitu. Viwembe vya plastiki vya kutupa, mashine ya saluni halafu kinyozi anakupaka spiriti umekaza meno, ule unga wa kuondolea ndevu unaokorogwa na maji unaonuka kama mayai viza na ukipitiliza dakika mbili tu umeungua. Marehemu baba yeye alikuwa na mashine ya wembe ya chuma, ile unazungusha kitako cha mpini juu panafunguka kama mabawa, anaweka wembe wa Nacet, sabuni ya kipande, brashi iliyochakaa, dakika kumi katoka, na sikumbuki kumwona na kipele hata kimoja. Sikuwahi kumuuliza alikuwa anafanyaje. Niliona ni vitu vya wazee.

Mwaka 2019 nikaja Ujerumani kusomea kazi ya kuhudumia wazee, nikapangiwa Wuppertal. Kazi za asubuhi ni kuwaogesha, kuwavalisha, kuwanyoa. Wengi wana mashine za umeme, unapitisha imeisha. Ila palikuwa na mzee mmoja kwao Solingen, mji wa jirani kabisa, maisha yake yote alikuwa mnoaji wa visu na mikasi, na mashine ya umeme hataki hata kuiona. Kwenye droo yake kulikuwa na mashine ya wembe fupi, nzito kidogo, ya kromu iliyofifia. Nilipoishika mara ya kwanza nikajua imeanguka ikapinda, maana kichwa kimekaa mshazari na wembe ndani yake umejinyonga kama utepe. Nikamwambia, mzee, hii imeharibika. Akacheka mpaka akakohoa, akasema imetengenezwa hivyo hivyo, wewe nyoa tu, ila usikandamize, ukikandamiza nitakusikia.

Mashavu yake yalishabonyea, ngozi nyembamba unaona mishipa ya damu kama ramani. Nikamwambia ajaze hewa shavuni. Nikapaka povu, nikashusha mashine toka karibu na sikio, na ule mkwaruzo niliouzoea haukuwepo, kulikuwa na kasauti kadogo tu kama mtu anachana khanga mpya taratibu, na nyuma yake ngozi imebaki safi. Mkono mmoja tu, yaani nilipitisha mara moja, sikurudia. Hakuna damu. Nilisimama nimeishika ile mashine mpaka mzee akaniuliza kwani umemaliza.

Hiyo ndo inaitwa slanti. Kwa wasioijua, mashine ya wembe ya kawaida inashuka na makali yamenyooka, yanaukuta unywele uso kwa uso kama shoka linavyoukuta mti. Slanti wembe umelala mshazari kwa hiyo unywele unateleza kwenye makali huku unakatwa. Anayeuza madafu analijua hili kuliko mimi, hakuna anayelipiga dafu panga la moja kwa moja, panga linaingia kwa ubavu, linateleza, kipande kinaruka, na nguvu aliyotumia ni ndogo. Jambo la pili ni kwamba kwenye slanti nyingi wembe unapofungwa unanyongwa kidogo, na kitu chembamba kikipindwa kinakuwa kigumu, ndo maana bati la migongo linabeba mvua na mtu juu yake lakini bati bapa unalikunja kwa mkono. Wembe ukiwa mgumu hautikisiki ukikutana na ndevu nene. Ukitikisika ndo unapovuta unywele kabla ya kuukata, unywele unakatwa ukiwa umevutwa nje, ukiachiwa unarudi ndani ya ngozi, na hapo kwa ndevu za kipilipili umeshajipandia kipele.

Nikaitamani. Na mzee alitaka kunipa, alisema ana nyingine, lakini kazi yetu huku zawadi kutoka kwa unayemhudumia hairuhusiwi, ni sheria kabisa, kwa hiyo nikamshukuru nikaenda kutafuta ya kwangu.

Nikaingia mtandaoni. Merkur 37C, ndugu wa ile ya mzee, ilikuwa kama euro 40. Pembeni yake kulikuwa na slanti ya euro 12, inang'aa kuliko hata hiyo ya 40, mpini mrefu, maelezo mazuri. Mshahara wa mwanafunzi na kila mwezi natuma nyumbani, nikasema kichwa cha mshazari ni kichwa cha mshazari tu. Nikaagiza mbili, moja yangu na moja ya mdogo wangu kule Tanga maana ndevu zetu ni za baba mmoja, vipele vile vile, shingo ile ile. Ya kwake nikaituma na mtu aliyekuwa anaenda likizo. Kumbukeni kwamba zilikuwa mbili, dukani kwa mtu mmoja, siku moja, boksi moja, nitarudi hapo.

Siku ya kwanza nilijikata mara mbili upande wa kulia wa kidevu. Nikasema mkono bado haujazoea. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, shavu la kulia nikinyoa linachanika na la kushoto linabaki na ndevu, kwa hiyo la kushoto narudia mara tatu, mara nne, na kurudia ndo sumu. Mwezi ukaisha vipele vimeongezeka. Na mimi nilivyokuwa najilaumu! Nilibadilisha sabuni, nikabadilisha nyembe, nikanunua hata Feather za Kijapani ambazo zinasifiwa kwa ukali, na kweli ni kali, zikanikata vizuri zaidi. Nikaangalia video usiku. Nikampigia mdogo wangu kumuuliza wewe inakuwaje, akaniambia kaka mimi huku raha mustarehe, vipele vinapungua, labda mkono wako. Ikaniuma, maana mimi ndo nanyoa watu kwa kazi.

Wiki ya sita hivi nikiwa bafuni nikaifunga na wembe mpya, nikainua juu kwenye taa nikaiangalia kwa mbele kama unavyoangalia ubao kama umenyooka. Upande mmoja wembe umechomoza unauona wazi, karibu milimita nzima. Nikageuza mpini nusu mzunguko, upande wa pili wembe umejificha chini ya kifuniko, unaona kauzi tu. Nikafungua, nikafunga upya, sasa ikawa kinyume, ule uliojificha ndo umechomoza. Basi nikaelewa. Vile vijiti vya kifuniko vinavyoingia kwenye matundu ya wembe vilikuwa vyembamba kuliko tundu, wembe unacheza ndani, na ukishakaza unakamatwa popote ulipoangukia. Kwenye mashine ya kawaida wembe ukicheza kidogo unaweza usijue. Kwenye slanti, ambapo unanyongwa, kosa dogo linakuzwa.

Nikamwandikia muuzaji, akanijibu kwamba imeshatumika kwenye uso kwa hiyo hairudishwi. Huku ukinunua kitu mtandaoni una siku 14 za kubadili mawazo, mimi nilikuwa kwenye wiki ya sita na nimeshaijaza sabuni, sikuwa na la kusema. Kwa hiyo kama unanunua, siku inapofika, kabla hujagusa maji, weka wembe, kaza, inua kwenye taa, angalia upande mmoja, geuza nusu mzunguko angalia wa pili. Kwenye slanti ni kawaida ncha moja ya wembe ionekane ina nafasi kubwa kuliko nyingine, usishtuke, huo ndo mshazari wenyewe. Unachotafuta ni pande mbili zifanane, yaani ukigeuza uone picha ile ile. Ikikataa mara tatu za kufunga na kufungua, rudisha. Dakika mbili tu hizo, mimi zilinigharimu wiki sita na madoa ambayo mengine bado ninayo.

Niliendelea nayo hivyo hivyo kwa kuilazimisha. Unashika ncha mbili fupi za wembe kwa kidole gumba na cha pili, unausogeza katikati, halafu unakaza taratibu huku umeushikilia. Inasaidia, sikatai. Lakini mwezi wa nne kromu karibu na skrubu ikaanza kuvimba kama malengelenge, ikabanduka, chini yake rangi ya kijivu na unga mweupe. Mwezi wa saba meno ya skrubu yakalika, nakaza inazunguka tu. Ikaishia hapo.

Hiyo metali ya kijivu ni zamak. Jina lenyewe ni la Kijerumani, ni herufi za mwanzo za zinki, alumini, magnesi na shaba, inayeyushwa inamiminwa kwenye umbo, kwa hiyo kutengeneza vichwa elfu ni rahisi na haraka. Ikiwa imefunikwa vizuri haina shida. Ikipata tundu kwenye kromu maji na sabuni yanaingia yanaila toka ndani, na skrubu ya zamak haipendi mtu wa kukaza kwa nguvu. Kaza ikome basi, usiongeze ile robo ya mwisho ya kujiridhisha.

Siku ya mapumziko nikapanda lile basi la nyaya za umeme, namba 683, toka Vohwinkel mpaka Solingen. Njiani nikashuka Gräfrath kuona makumbusho ya makali, mapanga ya vita, visu vya mezani, uma, yaani mji mzima umeishi kwa kunoa karne na karne. Na jina la Solingen toka mwaka 1938 linalindwa na sheria, huwezi kuliandika kwenye kisu chako kama hukukitengeneza huko. Nilimkumbuka mzee wangu, alishafariki miezi michache kabla. Nikaingia duka moja nikanunua 37C, nikalipa hizo euro 40 bila kuuliza punguzo.

Nitasema kitu ambacho wauzaji hawakipigii kelele, kichwa cha 37C nacho ni zamak. Metali ile ile. Nilivyojua nilihisi kama nimeibiwa, mpaka nilipoinua kwenye taa. Pande zote mbili sawa. Nikafungua nikafunga, sawa. Nikaweka Astra ya kijani, sawa, nikaweka wembe wa Misri, sawa. Vijiti vinaingia kwenye tundu la wembe bila kucheza na kromu ni nene, imetulia mpaka kwenye kona za ndani. Kwa hiyo tofauti ya euro 12 na 40 kwangu haikuwa metali wala umbo, ilikuwa ni umakini wa aliyemimina na aliyekagua.

Na shingo ikaanza kubadilika. Ila sio mashine peke yake, hapa nisiwadanganye. Nilibadilisha na namna ya kunyoa kwa sababu mashine iliniruhusu. Kwanza maji ya moto, wahenga walisema mwenzako akinyolewa wewe tia maji na kama ni ndevu za kipilipili basi tia maji kweli kweli, dakika tatu za taulo la moto zinalainisha unywele kuliko sabuni ya bei gani sijui. Halafu povu la brashi. Halafu mkono mmoja tu, kufuata ndevu zinakoelekea, basi. Sirudii kinyume kamwe shingoni. Zamani nilikuwa nafuata ulaini, nataka nikipitisha mkono niteleze kama kioo, na ule ulaini ndo ulikuwa unanimaliza kwa sababu ili uteleze vile lazima ukate chini ya ngozi. Slanti mkono mmoja inaacha kivuli kidogo, ukipapasa kinyume unasikia, ukiangalia umependeza. Kwa mashine ya kawaida mkono mmoja uliniacha na mabaka, nikawa nalazimika kurudia. Faida yake kwangu ni hiyo, naweza kusimama mapema.

Tena usiinamishe mashine. Wengi wakiona kichwa kiko mshazari wanageuza mkono ili wembe unyooke, hapo umeondoa slanti yote. Ivute moja kwa moja chini kama ya kawaida, mshazari wenyewe utajifanyia kazi. Vipande vifupi, sentimita mbili tatu. Chini ya pua ni pagumu kwa sababu kichwa ni kikubwa, pale naenda polepole sana na midomo nimeikunjia ndani.

Mwisho napaka shabu, lile jiwe jeupe kama barafu, bibi yetu alikuwa nalo kwenye kikopo, tulikuwa tunapakwa tukijikata. Shabu haidanganyi. Mahali ulipokandamiza panawaka, mahali uliponyoa vizuri unasikia ubaridi tu. Wiki za mwanzo na ile ya euro 12 upande wa kulia uliwaka mpaka machozi. Na 37C, baada ya kama miezi miwili, ubaridi shingo nzima.

Sasa ile ya bei mbaya. Nilipomaliza masomo na kupata mshahara kamili nikajizawadia slanti ya chuma cha pua, ya Kimarekani, imechongwa na mashine za kompyuta toka kwenye kipande kizima, hakuna kumimina wala kromu. Kama euro 180. Mke wangu aliniuliza ina nini, nikamweleza, akaniangalia, akasema haya kama itakutoa vile vipele. Na mimi nilikuwa naamini itakuwa ni mbingu na ardhi.

Haikuwa hivyo. Kama ungenifunga macho, kunyoa kwenyewe kwa 180 na kwa 40 tofauti ni ndogo sana. Ile ya chuma cha pua ni tulivu zaidi, wembe umebanwa karibu kabisa na makali kwa hiyo hata ndevu za kidevuni zikiwa za siku tatu hazitikisi, na uzito wake unaifanya ishuke yenyewe, mkono wako unaongoza tu. Ukiifunga unasikia skrubu inaingia laini kama kifuniko cha chupa ya dawa. Sijawahi kuiinua kwenye taa ikanionyesha kitu tofauti na jana. Lakini siku ya tatu nilijikata chini ya taya, mkato mrefu, kwa sababu niliiamini bei yake nikaharakisha, na uzito ule ule mzuri ukikosea pembe unashuka nao. Ukiwa na sabuni mkononi mpini wake unateleza, niliuangusha kwenye sinki sinki ikapata ufa, mashine haina hata alama. Vipele havikupungua zaidi ya pale 37C ilipovifikisha. Aliyekupa jibu ni mkono mmoja kufuata ndevu, na hilo jibu ulishalinunua kwa 40.

Na nusura niandike kwamba hukuweza kulipata kwa 12. Desemba 2023 nikaenda Tanga likizo, nikaacha mashine zangu zote huku maana nilikuwa na begi la mkononi tu na nyembe ndege hawaziruhusu. Nikasema nitatumia ya mdogo wangu, ile pacha wa ile iliyonitesa. Siku ya kwanza nikaiinua juu dirishani kwenye jua la asubuhi, kama polisi vile. Imenyooka. Nikageuza, imenyooka. Nikafungua nikafunga mara tano nikitafuta kosa, mdogo wangu amesimama mlangoni ananiambia kaka nyoa maji yanapoa. Nikanyoa. Wiki tatu nimenyolea mashine ya euro 12 na wembe wa dukani kwa Mangi, kila baada ya siku mbili, shingo ikabaki safi kama huku. Nilimwomba radhi kwa sababu moyoni nilikuwa namwona anasema uongo ili nisijisikie vibaya kwa zawadi niliyomletea.

Hapo ndo mawazo yangu yakanyooka kuhusu hii biashara ya bei. Slanti ya bei chee sio lazima iwe mbaya, umbo lake limenakiliwa toka kwenye mashine nzuri na umbo likitoka sawa linanyoa sawa. Shida ni kwamba ni bahati nasibu. Kwenye boksi moja yangu ilikuwa mbovu na yake nzima. Unavyopanda bei hununui ukali wala ulaini, unanunua uhakika kwamba utakayopewa wewe ni kama aliyopewa mwenzako, na kwamba Jumatatu itafunga kama Ijumaa. Kutoka 12 kwenda 40 huo uhakika unaongezeka sana. Kutoka 40 kwenda 180 unaongezeka kidogo na juu yake unaongezewa umri, kitu ambacho kitakuzika. Zipo pia za katikati, RazoRock wana moja wanaiita German 37, imefuata muundo wa kichwa cha hiyo 37, bei iko chini ya Merkur, mwenzangu mmoja wa kazini anayo mwaka wa pili na nimeikagua kwenye taa haina neno.

Kwa hiyo mtu akiniuliza, na wananiuliza, hasa vijana wanaokuja huku wakiwa na shingo kama ile yangu, siwaambii wanunue ya 180. Namwambia kama una mahali pa kurudisha, nunua ya chee, ikague kabla ya maji, ikiwa nzima una bahati yako. Kama huna pa kurudisha, nenda ya katikati moja kwa moja. Nyembe 100 hazifiki euro 15, vile vichwa vya plastiki vya makali matano supermaketi vinane tu ni zaidi ya hapo, kwa hiyo hata ukianza na 40 pesa inarudi ndani ya mwaka. Na kama vipele vyako vimeshakuwa vinundu vigumu au vina usaha, acha kunyoa kabisa wiki kadhaa na umwone daktari wa ngozi, hakuna mashine ya kutibu hilo. Na kila mtu na mashine yake na wembe wake, hata kama ni ndugu. Mimi kwa mdogo wangu nilichemsha maji nikaiosha na kila nikinyoa nikaweka wembe wangu, siku ya kuondoka nikaiosha tena kwa Dettol nikamrudishia.

Mwezi uliopita akanitumia picha. Kromu imeanza kubanduka pale pale karibu na skrubu, malengelenge yale yale niliyoyaona mimi, ila kwake imechukua miaka. Nyumba yetu haiko mbali na bahari, hewa ya chumvi inakula mabati na bawaba za milango, itaacha mashine bafuni? Anauliza anunue nyingine ya chee au asubiri.

Nimefikiria siku mbili. Huku Wuppertal hewa haina chumvi, 37C yangu naikausha kila nikimaliza na haijabadilika hata kidogo, na shingo yangu imeshaonyesha kwamba haijali. Chumvi ndo inayojua tofauti ya chuma cha pua na kromu. Nikaifungua ile ya euro 180, kifuniko, kitako, mpini, nikaisugua kwa mswaki na sabuni ya vyombo, nikaichemsha, nikavifunga vipande vitatu kila kimoja na kitambaa chake ndani ya kopo la maziwa. Pembeni nyembe 50. Mke wangu kaniuliza una uhakika, nikamwambia ndiyo. Mzigo unaondoka Jumamosi na dada mmoja anayeenda Muheza, unakaa kwenye begi la chini sio la mkononi, nimemsisitiza. Mdogo wangu nimemrekodia sauti kwamba hii ni nzito kuliko aliyoizoea kwa hiyo wiki ya kwanza aiache ishuke yenyewe, asiongeze mkono, na dada akirudi ampe shabu robo kilo aniletee, ya pale sokoni Ngamiani, ile ya huku inakatwa kama sabuni na inavunjika haraka.